Kupiga picha za maua kwa karibu: mwongozo wa anayeanza

Ukisogeza kamera karibu na ua, jambo la kwanza litakalokushangaza ni jinsi sehemu inayoonekana bayana inavyokuwa nyembamba. Ukiwa mbali hatua tatu, kamera inalionyesha ua zima pamoja na bua na majani yake. Ukisogea hadi waridi lijaze picha, petali ya mbele ikionekana bayana, ya nyuma imeshapotea kwenye ukungu. Ukisogea zaidi hadi stameni (vijiti vya ndani ya ua vyenye chavua) zijaze picha zenyewe, unabaki na milimita moja au mbili za kuchezea. Wanaoanza wengi hudhani hiyo ni kasoro ya kamera yao, wakakimbilia kutafuta nyingine. Si kasoro. Ndivyo lenzi inavyofanya kazi inapokaribia kitu, na kuongeza fedha hakutakuongezea milimita.

Kwa hiyo kabla ya kubonyeza, jiulize swali moja: ni sehemu gani ya ua hili ninayotaka ionekane bayana? Jibu likishapatikana, mahali pa kusimama, mwanga na namba za kamera hufuata. Jibu lisipokuwepo, utapiga picha mia na zote zitakuwa na ukungu mahali pasipofaa.

Hatua ya 1: Anza na kifaa ulicho nacho

Simu inatosha kujifunzia. Futa kwanza kioo cha kamera yake kwa kitambaa laini, kwa sababu alama za vidole huufanya mwanga utawanyike na picha ionekane kama imepigwa kwenye moshi. Simu nyingi za miaka ya karibuni zina modi ya makro, yaani ya kupiga kwa karibu sana: ukisogea sana, simu yenyewe huacha kamera kuu na kuhamia ile ya pembe pana. Utaitambua kwa jinsi picha inavyoruka kidogo kwenye skrini. Modi hii ina faida yake, lakini mimi huiacha iwe chaguo la mwisho. Inakulazimisha uwe karibu mno hata simu inalitia ua kivuli, na pembe yake pana inaingiza kila kijiti na kila jani lililoko nyuma. Jaribu kwanza kurudi nyuma kidogo, tumia kamera kuu au ya kuvuta ya mara 2, kisha ukate kingo baadaye.

Gusa skrini pale unapotaka paonekane bayana, shikilia kidole hadi fokasi (mahali kamera inapolenga ukali wa picha) ijifunge, halafu punguza mwanga kidogo kwa kuteleza kidole kwenda chini. Simu nyingi hufuata utaratibu huo. Achana na modi ya picha za sura, ile inayotia ukungu nyuma. Inabuni ukungu huo kwa hesabu, na kwenye ua hukosea: hukata stameni zilizochomoza na kula kingo za petali.

Ukiwa na kamera ya kubadilisha lenzi, hata lenzi iliyokuja nayo ina la kutoa. Ivute hadi mwisho, weka fokasi ya mkono kwenye umbali mfupi kabisa, kisha sogea mwenyewe hadi ua liwe bayana. Hapo ndipo mpaka wa lenzi yako. Ukitaka kuuvuka, njia za kawaida ni tatu.

Ya kwanza ni lenzi ndogo ya kukuza inayofungwa mbele ya lenzi yako kama kichujio. Nguvu yake huandikwa +1, +2, +4 na kuendelea. Ile ya +4, lenzi yako ikiwa imewekwa kwenye umbali usio na mwisho, inaona bayana kitu kilichoko sentimita 25. Hufanya kazi vizuri zaidi kwenye lenzi ndefu.

Ya pili ni bomba la kurefusha, linalokaa kati ya kamera na lenzi. Ndani halina kioo chochote, kwa hiyo haliharibu ubora wa lenzi. Linaisogeza tu mbali na kihisi cha mwanga ili iweze kuona karibu zaidi. Hesabu yake ni rahisi: gawanya urefu wa bomba kwa urefu wa lenzi. Bomba la milimita 25 kwenye lenzi ya milimita 50 linakuongezea ukuzaji wa nusu. Kwa anayeanza na mwenye kamera, hili ndilo ninalolipendekeza, lakini chagua lenye viunganishi vya umeme, la sivyo kwenye kamera nyingi hutaweza kubadilisha tundu la lenzi, yaani mwanya unaopitisha mwanga.

Ya tatu ni lenzi halisi ya makro, inayofika 1:1, yaani kitu cha milimita 10 kinachukua milimita 10 kwenye kihisi. Zenye urefu wa milimita 90 hadi 105 zinakuacha mbali kidogo na ua, na umbali huo ni wa thamani: hulitii kivuli na humfukuzi nyuki. Usianze na hii, lakini ukiona baada ya muda bado unatamani kusogea, utajua unachokihitaji.

Hatua ya 2: Chagua ua moja na ulizunguke

Ukifika kwenye bustani, mkono utawasha kupiga kila kitu. Jizuie. Tafuta ua moja lililo katika hali nzuri, kwa sababu kwa karibu kila jeraha huonekana. Ukingo wa petali uliokauka ambao macho hayakuuona utakuwa doa la hudhurungi katikati ya picha. Angalia tundu la mdudu, utando wa buibui, vumbi, chavua iliyomwagika. Brashi laini ndogo huondoa vumbi bila kuumiza petali.

Kisha piga magoti. Picha nyingi za maua hupoa kwa sababu zimepigwa na mtu aliyesimama wima akitazama chini, jinsi kila mpita njia anavyoyaona. Shuka hadi lenzi iwe sawa na ua. Zunguka kushoto, kulia, hata chini yake, ambako utakuta vishipa vya petali na vikonyo ambavyo watu hawavitazami kabisa.

Chukua ua la haibiskasi. Katikati linachomoza nguzo moja ndefu. Nusu yake ya juu imezungukwa na stameni zenye chavua ya manjano, na kwenye ncha kabisa kuna vichwa vitano vidogo vya mviringo vyenye vinyweleo kama mahameli. Ukilipiga kwa mbele huku ncha ile ikielekea lenzi, vichwa vitano huwa bayana na petali zote nyuma huyeyuka zikawa bahari ya rangi. Ukilipiga kwa ubavu, nguzo nzima inalala sambamba na kamera na kila punje ya chavua inahesabika. Ua ni lile lile, lakini picha mbili hazifanani hata kidogo, na wewe ndiye unayeamua ipi.

Alizeti nalo linafaa sana kwa kujifunza, maana halichezi ovyo na uso wake ni mpana. Kile tunachokiita ua ni mkusanyiko wa maua madogo mamia kwa mamia. Yale ya ukingoni hufunguka kwanza, yakifuatiwa na ya ndani, hivyo ukilikuta siku za katikati utaona duara la vichanua vilivyofunguka, ndani yake vinavyofunguka, na katikati vifumba vilivyojipanga kwa mizunguko. Mpaka ule kati ya vilivyofunguka na vilivyofumba ni mahali pazuri mno pa kuweka fokasi.

Hatua ya 3: Utafute mwanga laini

Jua la mchana ni adui wa petali. Upande mmoja unaungua na kuwa mweupe, upande wa pili unazama kwenye kivuli cheusi, na kamera haiwezi kushika vyote viwili. Siku ya mawingu mepesi ndiyo siku yako. Wingu linatandaza mwanga kutoka kila upande, rangi zinatulia na hata ndani ya ua panafikika. Mapema asubuhi pia ni pazuri, tena mara nyingi upepo haujaamka na umande bado upo.

Jua likiwa kali na huwezi kungoja, tengeneza wingu lako. Kitambaa chepesi cheupe au karatasi inayopitisha mwanga, ikishikwa kati ya jua na ua, inabadilisha kila kitu papo hapo. Ishike karibu na ua kadiri uwezavyo bila kuingia kwenye picha, kwa kuwa kadiri inavyokuwa karibu ndivyo mwanga unavyokuwa laini. Upande wenye kivuli weka karatasi nyeupe ngumu irudishe mwanga kidogo. Vitu viwili hivi, kitambaa na karatasi, vitaziboresha picha zako kuliko lenzi mpya, na nasema hivyo nikimaanisha.

Kuna mwanga mmoja mkali ninaoupenda: ule unaotoka nyuma ya ua. Jua likiwa chini, jiweke ili ua liwe kati yako na jua. Petali nyembamba zinapitisha mwanga, vishipa vyake vinatokeza kama ramani, na vinyweleo vya bua vinapata ukingo wa nuru. Kinga lenzi kwa kiganja ili miale isiipige moja kwa moja. Picha ikitoka na ukungu mweupe mwepesi kila mahali, kiganja hakijafika panapostahili.

Taa ya simu au mwako wa juu ya kamera uzime. Hutua kwenye petali kwa nguvu, kivuli kigumu kikabaki nyuma.

Hatua ya 4: Shughulikia upepo na mkono

Kwa karibu hivi, upepo ambao usingeuhisi usoni unalirusha ua nje ya picha. Usishindane nao. Upepo huvuma na kupumzika. Weka jicho kwenye skrini, ngoja ua lirudi litulie, bonyeza. Kaa upande unaotoka upepo ili mwili wako uwe ukuta, au simamisha kipande cha kadibodi. Bua refu unaweza kulishikiza kwa kibanio kwenye kijiti kilichochomekwa ardhini, lakini usilibane ua lenyewe. Kwenye bustani ya watu usichume, usikunje wala usikanyage kitalu kwa ajili ya picha.

Mkono nao hutikisika, na ukuzaji unaikuza mitikisiko yote. Ukipiga kwa mkono, anza na kasi ya shata (muda ambao kamera inaruhusu mwanga uingie) ya 1/250 ya sekunde. Kukiwa na upepo mwepesi nenda 1/500 au zaidi. Bana viwiko mbavuni au viegemeze kwenye magoti. Tripodi inasaidia sana pasipo upepo: hapo hata 1/30 inafaa, ukitumia kihesabu muda cha sekunde 2 ili kidole chako kisiitikise kamera. Penye upepo tripodi inatuliza kamera tu. Ua linaendelea kucheza.

Hatua ya 5: Namba za kuanzia

Weka kamera kwenye modi ya A au Av, ambayo wewe unachagua tundu la lenzi na kamera inachagua kasi. Anza na f/8; namba ya f hupima tundu, na ikiwa kubwa tundu ni dogo. Kwenye kamera yenye kihisi kikubwa cha fremu nzima, ukiwa kwenye 1:1, f/8 inakupa takriban milimita 1 iliyo bayana. Ukiifunga hadi f/16 unapata kama milimita 2. Ukirudi nyuma hadi ukuzaji wa nusu, f/8 hiyo hiyo inakupa karibu milimita 3. Angalia vizuri hapo: kurudi nyuma kidogo kunalipa zaidi ya kufunga tundu. Tena ukifunga sana, f/22 na kuendelea, mwanga hutawanyika kwenye kitundu kidogo na picha nzima inalegea.

Usishangae pia mwanga ukipungua unaposogea. Kwenye 1:1 kihisi hupata kama robo tu ya mwanga ambao kingepata kitu kikiwa mbali. Pandisha ISO (wepesi wa kihisi kupokea mwanga) bila woga, 800 au hata 1600. Chembechembe kidogo kwenye picha zinavumilika, ukungu wa kutikisika hauvumiliki.

Rangi ya ua nayo inaidanganya kamera. Ua jeupe likijaza picha, kamera hudhani kuna mwanga mwingi mno, ikalipiga likawa la kijivu. Bonyeza kitufe chenye alama ya +/- uongeze 0.7 au 1. Lakini ua hilo jeupe likiwa dogo mbele ya kivuli, mambo yanageuka: kamera inapima kivuli na petali zinaungua, kwa hiyo punguza. Maua mekundu na ya manjano yaliyokolea yana tatizo lake. Rangi moja hufika kikomo kabla ya nyingine, ukabaki na bapa la wekundu lisilo na mshipa wala mkunjo. Fungua histogramu, yaani grafu ya mwanga wa picha, inayoonyesha rangi moja moja. Nyekundu ikigonga ukuta wa kulia, punguza 0.7 upige tena. Kamera yako ikiruhusu, hifadhi faili za RAW (picha ghafi ambazo kamera haijazichakata), zinazokuachia nafasi ya kurekebisha.

Hatua ya 6: Weka fokasi kwa mwili wako

Fokasi ya kujiendesha huhangaika kwa karibu: inakwenda mbele, inarudi nyuma, inashika petali isiyotakiwa. Iweke ya mkono. Zungusha pete hadi ukuzaji unaoutaka, kisha usiiguse tena. Sasa sogea wewe, polepole, kama unayumba mbele na nyuma kwa sentimita moja, huku ukitazama utando ule mwembamba wa ukali unavyopita juu ya ua: kwanza ukingo wa petali, halafu vichwa vya stameni, halafu kina cha ndani. Ukifika kwenye jibu la swali lako, bonyeza. Piga mfululizo wa picha tatu au nne kila mara, kwani hata kupumua kunakuhamisha milimita.

Ukiwa na tripodi, kuza picha kwenye skrini mara 5 au 10 na urekebishe kwa utulivu.

Jifunze pia kulaza kamera sambamba na unachotaka kionekane. Utando wa ukali ni bapa, unaolala sambamba na mgongo wa kamera. Kitu bapa, mfano uso wa deizi, ukiupiga ukiwa umeukabili sawasawa utaonekana bayana wote hata kwa f/5.6. Ukiinamisha kamera kidogo tu, nusu yake inatoweka. Makosa mengi ambayo watu hujaribu kuyatibu kwa kufunga tundu la lenzi, yangetibika kwa kuzungusha kiwiko.

Ukikosa uamuzi wa mahali pa kulenga, lenga stameni au kichwa cha pistili (sehemu ya kike ya ua). Macho ya mtazamaji huenda hapo yenyewe.

Hatua ya 7: Tazama nyuma ya ua

Karl Blossfeldt, Mjerumani aliyefundisha sanaa Berlin, alipiga mimea kwa kamera aliyojitengenezea, akiiweka mbele ya karatasi tupu pasipo kitu kingine. Alitaka wanafunzi wake waone umbo la mmea tu. Unaweza kuanza hivyo hivyo: kadibodi nyeusi, ya kijivu au ya kijani iliyofifia, iwe mbali na ua kiasi cha kutoangukiwa na kivuli chake.

Bila kadibodi, tafuta ua lililojitenga. Majani yakiwa sentimita 5 nyuma yake yataonekana na kuchokoza. Yakiwa mita 2 yatakuwa wingu la kijani. Nusu hatua pembeni mara nyingi inatosha kuficha kijiti chenye kung'aa au kubadilisha udongo mkavu uwe kivuli. Kabla ya kubonyeza, pitisha jicho kwenye pembe nne za picha.

Hatua ya 8: Zikague picha ukifika mahali penye utulivu

Baadaye utakuja kusikia habari za kuunganisha picha nyingi za ua moja, kila moja ikiwa na fokasi mahali tofauti, programu ikazifanya moja iliyo bayana mbele hadi nyuma. Baadhi ya kamera huipiga misururu hiyo zenyewe. Inahitaji tripodi na ua lisilotikisika, kwa hiyo ni kazi ya ndani ya nyumba. Iache hadi uizoee milimita moja kwanza.

Kwa sasa, fungua kila picha kwa ukubwa kamili, asilimia 100, na utafute ukali ulianguka wapi. Ukali ukiwa mbele ya ulipopalenga, uliyumba kurudi nyuma. Ukali ukiwa nyuma ya ulipopalenga, uliyumba kwenda mbele. Hapo dawa ni kuegemea vizuri na kupiga mfululizo. Ukali ukiwa mahali sahihi lakini sehemu iliyo bayana ni ndogo kuliko ulivyotaka, rudi nyuma kidogo au laza kamera sambamba kabla ya kugusa tundu. Na kama hakuna kilicho bayana popote, kila nukta imevutika kuelekea upande mmoja, huo ni mkono au upepo: pandisha ISO, uende 1/500, urudi kwenye ua lile lile kabla petali hazijaanza kujikunja.